Soda kuisha gesi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanauliza kila joto likipanda, na mengine yanaulizwa mezani pale mtu anapoonja soda ya jana akakunja uso. Mengine nimeyajibu kwa kirefu na mengine kwa mstari mmoja tu maana hayahitaji zaidi. Kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye lile la chupa ya lita 2, hapo ndo penye mzizi wa mambo yote.

Gesi ya kwenye soda ni gesi gani hasa, na inaingiaje mle ndani?

Ni kaboni dayoksaidi, hii hii tunayoitoa tukipumua. Kiwandani wanapoza maji kwanza, afu wanaisukuma gesi kwa presha mpaka inayeyuka kwenye maji, inachanganywa na shira yenye sukari na ladha, chupa inajazwa ubaridi na presha vikiwa bado vipo na kizibo kinakandamizwa hapo hapo. Kola nyingi zina kama lita 3.5 mpaka 4 za gesi kwa kila lita 1 ya soda, ukipima kwa mizani ni gramu 7 au 8 hivi, na yote hiyo imejificha kwenye maji, huioni mpaka ufungue.

Huku kwetu gesi nyingine inatoka ardhini kabisa. Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye zile volkano za kusini, TOL Gases wanavuna kaboni dayoksaidi ya asili, na Kenya kuna Carbacid wanaoitoa Kereita, Kiambu, na viwanda vya vinywaji ni wateja wa gesi ya namna hiyo. Kwa hiyo ile gesi inayokutoka puani baada ya fundo la kwanza inawezekana kabisa ilikuwa chini ya mlima miaka na miaka.

Aliyeanzisha mchezo huu ni Joseph Priestley, Mwingereza, mwaka 1767 alikuwa anakaa jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds akagundua kwamba gesi inayoelea juu ya mapipa ya bia inayochachuka inaweza kuingizwa kwenye maji, na mwaka 1772 akachapisha maelezo ya jinsi ya kufanya. Johann Jacob Schweppe akaigeuza kuwa biashara mjini Geneva mwaka 1783.

Mbona nikifungua tu gesi inaanza kukimbia?

Kwa sababu gesi haikai kwenye maji kwa hiari yake, imeshikiliwa na presha. William Henry wa Manchester alilieleza hili mwaka 1803 na mpaka leo kanuni yake ndo inayoendesha viwanda vyote vya soda: kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye maji kinaenda sambamba na presha ya gesi hiyo hiyo iliyo juu ya maji. Presha ikiwa mara 2, gesi inayoyeyuka nayo inakuwa mara 2. Hayo maneno "gesi hiyo hiyo" yashike vizuri, tutayahitaji kwenye swali la pampu.

Chupa ikiwa imefungwa, ule uwazi mdogo wa shingoni umejaa kaboni dayoksaidi yenye presha. Kuna gesi inatoka kwenye soda kwenda juu na kuna gesi inarudi chini kwenye soda, zinalingana, ngoma droo, basi chupa inakaa hivyo hata mwezi. Ukifungua, tssss, ile ya juu imeondoka na mahali pake inaingia hewa ya kawaida, ambayo kaboni dayoksaidi yake ni kama asilimia 0.04 tu, sasa hapo kutoka kupo ila kurudi hakuna, na itaendelea kutoka mpaka ibaki kiasi ambacho ulimi haukisikii tena.

Joto lina uhusiano gani? Mi naona hata ya friji ikifunguliwa inaisha gesi.

Inaisha ndiyo, ila taratibu zaidi, na tofauti siyo ndogo. Kwa presha ya kawaida ya hewa, lita 1 ya maji yenye nyuzi 0 inaweza kubeba lita 1.7 hivi za kaboni dayoksaidi. Ikifika nyuzi 20 inabeba kama 0.9. Nyuzi 30, ambayo ndo hali ya kawaida ya duka la Dar au Mombasa mchana, inabeba chini ya 0.7. Yaani maji ya moto hayawezi kuishika gesi, yanaitema, ni kinyume kabisa na sukari ambayo ukichemsha maji inayeyuka zaidi.

Ndo maana muuzaji akikuuliza "ya baridi au ya moto?" anakuuliza swali kubwa kuliko anavyodhani. Zote mbili zimetoka kreti moja na zina gesi kiasi kile kile, ila ile ya moto ndani yake presha imepanda sana kwa sababu gesi inataka kutoka. Chupa ya kola ikiwa na nyuzi 4 presha yake imezidi ya nje kwa kama mara moja na nusu ya presha ya hewa, ikifika nyuzi 30 inaizidi kwa karibu mara 5, na tairi la gari dogo linajazwa kwenye mara 2 na kitu. Sasa ukiifungua ile ya moto inafoka, nusu ya povu inaishia mkononi, gesi uliyoilipia imeondoka kabla hujaweka mdomo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabisa: poza kabla ya kufungua, siyo baada. Kuifungua ikiwa ya moto afu ukatia barafu ni kuipoteza gesi mara mbili, sababu ya barafu nitaisema chini.

Nilinunua ya lita 2, tukanywa nusu, nikaifunga vizuri kabisa na kuiweka friji, kesho yake imekuwa maji ya sukari. Imevujia wapi?

Haijavuja popote. Hili ndo swali ambalo natamani kila mtu angelielewa, maana watu wanalaumu kizibo, wanalaumu friji, wanalaumu kampuni, wakati gesi bado imo humo humo ndani ya chupa. Ipo juu. Imetoka kwenye soda ikaenda kujaza ile nafasi uliyoiacha wazi.

Tupige hesabu. Umebakiza lita 1 ya soda, juu yake kuna lita 1 ya nafasi. Tuseme soda iliyobaki bado ina lita 3.5 za gesi. Ukifunga, gesi inaanza kupanda juu mpaka ngoma iwe droo tena. Kwenye friji ya nyuzi 4, droo inafika pale ambapo soda imebaki na lita 2.1 hivi, na ile nyingine yote, karibu lita 1.4, iko juu kwenye uwazi. Asilimia 40 imekwenda na hata kifuniko hujakigusa. Ukiiacha mezani kwenye nyuzi 30 soda inabaki na lita 1.5 tu, imepoteza zaidi ya nusu.

Afu kesho unafungua. Tssss. Ile sauti unayoifurahia ukasema "kumbe bado ina gesi" ndo hiyo lita 1.4 inaondoka moja kwa moja. Unamimina glasi moja, unafunga, nafasi imekuwa kubwa zaidi, soda imekuwa kidogo zaidi, inaanza kujaza tena uwazi mpya. Ukifika kwenye nusu lita ya mwisho hesabu inatisha: hata kama hiyo nusu lita ingekuwa imebaki na gesi yake yote ya 3.5 kwa lita, ukiiacha kwenye chupa ile ile ya lita 2 ndani ya friji itabaki na theluthi moja tu. Theluthi mbili zote zinaenda kukaa kwenye uwazi.

Kwa hiyo adui ni wawili, nafasi na joto. Muda wenyewe siyo adui. Soda iliyojaa mpaka shingoni na kufungwa vizuri inaweza kukaa friji wiki nzima ikawa kali, na ile iliyobaki robo chupa inaisha ndani ya usiku mmoja, tena nyingi ya hiyo inatoka saa za mwanzo.

Je nikiminya chupa hewa yote itoke afu nifunge?

Hii nimeiona nyumba nyingi sana, chupa imekunjwa kunjwa imesimama kwenye mlango wa friji. Wazo lina akili ndani yake, unataka kuondoa nafasi. Shida ni kwamba plastiki ya chupa ya soda haina nguvu ya kubaki imeminyika, gesi ikianza kutoka inasukuma kuta zake zirudi, na wakati inazisukuma presha ya ndani haipandi, na presha isipopanda hakuna kinachoizuia gesi kuendelea kutoka. Nenda kaiangalie asubuhi, utaikuta imesimama wima imevimba kama mpya, na hiyo gesi iliyoivimbisha imetoka kwenye soda yako. Mwisho wa siku umerudi pale pale kwenye nafasi ile ile. Labda ungekuwa na namna ya kuifunga kwa kamba ibaki imeminyika hivyo hivyo, na sijaona mtu mwenye muda huo.

Kuna vile vifuniko vyenye pampu, unapampu hewa mpaka chupa inakuwa ngumu. Vinasaidia?

Chupa inakuwa ngumu kweli na ukifungua inapiga kelele, lakini ulichopampu ni hewa ya kawaida. Kanuni ya Henry inaangalia presha ya gesi hiyo hiyo tu. John Dalton, ambaye alikuwa rafiki yake Henry hapo hapo Manchester, ndo alionyesha kwamba kila gesi kwenye mchanganyiko ina presha yake kama vile zingine hazipo. Naitrojeni na oksijeni hata ukizijaza mpaka chupa ikaribie kupasuka, kaboni dayoksaidi inaona uwazi mtupu na inapanda kama kawaida. Presha ya pampu inazuia mapovu yasianze kwa haraka, hilo kweli, kwa hiyo mwanzoni gesi inatoka polepole, lakini ukiiacha usiku kucha inafika pale pale. Kama pampu ingekuwa inasukuma kaboni dayoksaidi yenyewe hapo ingekuwa habari nyingine, na ndo wanavyofanya kwenye baa zenye mapipa ya bia na mashine za soda.

Kuigeuza chupa kichwa chini?

Haisaidii. Nafasi haipungui, imehama tu. Kifuniko kikiwa kizima hakuna tofauti, kikiwa kibovu utaamka friji lote linanata.

Kijiko kwenye mdomo wa chupa?

Hii ya Wafaransa na shampeni yao, imejaribiwa na haifanyi chochote. Achana nayo.

Sasa nifanye nini na hiyo chupa kubwa?

Siku unayoifungua, kabla hata hujaanza kuwamiminia watu, chukua vichupa vidogo vya nusu lita vilivyooshwa na kukauka, vyenye vifuniko vyake, na vyenyewe vikae friji kwanza vipate ubaridi. Mimina soda taratibu ikishuka kwenye ukuta wa kichupa, ukiwa umekiinamisha, jaza mpaka juu kabisa karibu na mdomo, funga kwa nguvu, rudisha friji. Utapoteza gesi kidogo wakati wa kumimina, hilo halikwepeki, lakini kichupa kilichojaa kinabaki na karibu yote iliyobaki kwa sababu hakuna pa kwenda. Inayobaki kwenye chupa kubwa kunyweni siku hiyo hiyo.

Kosa ambalo watu wanalifanya ni kungoja mpaka imebaki nusu ndo wahamishe, hapo umehamisha soda iliyokwisha pata hasara. Hamisha mwanzoni. Na ukifungua kichupa, malizia.

Kama nyumbani mko wawili na hamna haraka, mi ningesema nunueni ndogo ndogo tu, kwa lita ni ghali kidogo ila mnakunywa soda siyo shira.

Kwa nini nikimimina kwenye glasi inafoka, na mara nyingine haifoki?

Povu halizaliwi hivi hivi katikati ya maji, linahitaji pa kuanzia. Chukua glasi, mimina soda, ngoja povu la juu litulie afu sogeza jicho karibu kabisa na kioo. Utaona mapovu yanapanda kwa mstari mwembamba, moja baada ya lingine, kutoka nukta ile ile moja, na pembeni kuna sehemu kubwa ya kioo haitoi kitu. Kwenye ile nukta kuna uzi mdogo sana wa kitambaa ulichofutia vyombo, au vumbi, au mkwaruzo, na ndani yake kumebaki hewa kidogo. Gesi inaingia kwenye kale kahewa, kanavimba, kanakatika, kanapanda, kengine kanaanza. Gérard Liger-Belair wa chuo kikuu cha Reims ametumia miaka yake mingi kuyachunguza haya kwenye shampeni na kwenye soda ni yale yale.

Kwa hiyo glasi kavu iliyofutwa kwa taulo la jikoni inafoka zaidi ya glasi iliyosuuzwa ikabaki na majimaji ya baridi. Inamisha glasi, mimina pembeni. Na hata usipoona mapovu, gesi inatoka kimya kimya kupitia uso wa juu, kwa hiyo glasi pana inaisha haraka kuliko nyembamba ndefu.

Na barafu?

Barafu ina uso wenye mashimo mashimo na hewa, ni mahali pazuri sana pa mapovu kuanzia, hasa ile iliyopondwapondwa. Ukitaka barafu tumia vipande vikubwa vichache, visuuze na maji ya baridi kwanza ule uso ulainike, afu mimina taratibu. Na soda yenyewe iwe ya baridi tayari. Ile ya kumwaga soda ya moto kwenye glasi iliyojaa barafu ya kuponda, nusu ya gesi inaisha mbele ya macho yako, na barafu inayeyuka inaongeza maji juu yake.

Bodaboda kaniletea kreti, zimetikisika njia nzima. Gesi imeongezeka?

Hapana, gesi ni ile ile na presha baada ya kutulia ni ile ile. Kilichotokea ni kwamba ile gesi ya shingoni imevunjwavunjwa ikasambaa kwenye soda kama mapovu madogo sana, na kila povu ni pa kuanzia. Ukifungua sasa hivi yote yanavimba kwa pamoja na kusukuma soda nje. Ziache zikae friji saa moja au mbili, mapovu yanapanda na kuyeyuka tena, unafungua bila wasiwasi. Kitu hiki hiki ndo kinatokea ukitumbukiza pipi za Mentos, uso wake umejaa vijishimo vingi mno na inazama haraka mpaka chini, kwa hiyo mapovu yanaanzia huko chini na kubeba soda yote juu.

Kugonga kopo kwa kidole kabla ya kufungua?

Watafiti wa Denmark walichukua makopo ya bia zaidi ya 1000, mengine wakayatikisa mengine hapana, na kila upande mengine wakayagonga mengine wakayaacha, afu wakapima kilichomwagika, kugonga hakukuleta tofauti. Kinachosaidia ni kungoja.

Kati ya chupa ya kioo, plastiki na kopo, ipi inashika gesi vizuri?

Kioo na kopo la alumini haviruhusu gesi ipite. Plastiki inaruhusu. Huioni na huisikii, ila kaboni dayoksaidi inapenya kwenye ukuta wa ile plastiki taratibu kila siku tangu inatoka kiwandani, na joto linaongeza kasi. Chupa ndogo ya plastiki inaumia zaidi ya kubwa kwa sababu ukuta ni mwingi ukilinganisha na soda iliyomo. Ndo maana ya plastiki ina tarehe fupi kuliko ya kioo, na ndo maana kile kichupa kilichopangwa mbele ya duka jua linakipiga wiki 3 kinaweza kuwa kimechoka kabla hujakifungua. Mi nikinunua ya plastiki nachukua ya ndani kivulini na naminya ukuta wake, ikiwa ngumu kama jiwe iko sawa, ikibonyea kirahisi naiacha. Plastiki yenyewe ya namna hii, ya kuhimili presha, Nathaniel Wyeth wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1973, kabla ya hapo soda ilikuwa vioo na makopo.

Wale wanaosema ya kioo ni kali zaidi hawajakosea. Na usiogope ile mikanda myeupe iliyochakaa kwenye tumbo la chupa ya kioo, hiyo ni ya nje, inatokana na chupa kusuguana kila zinaporudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena, ndani kioo ni laini.

Kizibo je?

Kile cha bati cha meno meno kilibuniwa na William Painter, Baltimore, akapata hataza mwaka 1892. Geuza kimoja uhesabu, cha siku hizi kina meno 21. Kinachoshika gesi ni ule utando laini wa plastiki uliobandikwa ndani, bati kazi yake ni kuukandamiza tu. Kikishang'olewa hakirudi, hata ukikigonga vipi, kwa hiyo soda ya kioo ikifunguliwa inyweke. Cha plastiki cha kuzungusha kinarudi vizuri ila futa mdomo wa chupa kabla ya kufunga, sukari iliyokauka kwenye nyuzi inaacha upenyo.

Nikiiweka friza ipate baridi haraka?

Dakika chache sawa, ukisahau ni hatari. Maji yakiganda yanatanuka na pia barafu haibebi gesi, inaisukuma yote kwenye kile kilichobaki bila kuganda, presha inapanda, chupa ya kioo inapasuka. Na hata isipopasuka, ikiyeyuka utakuta gesi nyingi imehamia juu. Njia ya haraka kuliko friza ni beseni lenye barafu na maji pamoja na chumvi ya kutosha, maji yanagusa chupa kila upande na chumvi inashusha nyuzi chini ya 0, kama dakika 15 hivi zinatosha. Kwenye harusi na misiba hiyo ndo inafaa, yale madeli yakijazwa barafu tupu bila maji chupa zinapoa upande mmoja tu.

Mbona Fanta naona haina ukali kama kola, na Stoney inachoma hata ikiisha gesi?

Soda za matunda kwa kawaida zinawekwa gesi kidogo kuliko kola. Ya tangawizi ina mchomo wa tangawizi yenyewe juu ya ule wa gesi, gesi ikiondoka tangawizi inabaki.

Kwani ile kuchoma ulimini siyo mapovu yanapasuka?

Watu wengi wanadhani hivyo na mi nadhani hapa ndo penye utamu wa sayansi yote hii. Kaboni dayoksaidi ikigusa mate inageuzwa kuwa asidi na kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi kilichopo kwenye seli za ulimi zinazoonja uchachu, hilo lilionyeshwa mwaka 2009, na asidi hiyo pia inaamsha mishipa ya maumivu. Mwaka 2013 watafiti wa Monell, kituo cha kuchunguza ladha na harufu mjini Philadelphia, waliwanywesha watu vinywaji vya gesi ndani ya chumba chenye presha kubwa ambako mapovu hayatokei, na mchomo wakausikia.

Ushahidi mwingine uko Kilimanjaro. Wapandaji wengi wanameza Diamox kuzuia ugonjwa wa kimo, na dawa hiyo inazuia kimeng'enya hicho hicho. Mpandaji akiteremka akafungua soda yake ya pongezi anaiona haina ladha, anaweza kudhani ameuziwa mbovu, kumbe soda ina gesi tele ila ulimi hauisikii mpaka dawa imtoke mwilini.

Naweza kurudisha gesi kwenye soda iliyoisha?

Kwa mashine ya mtungi wa kaboni dayoksaidi inawezekana, ila nyingi zimetengenezwa kwa maji matupu na ukitia kitu chenye sukari kinafoka mpaka kwenye mashine. Kuweka magadi au unga wa kuumulia kunatoa povu kweli, kwa sababu asidi ya soda inapambana nayo na kutoa gesi, lakini gesi hiyo inaondoka pale pale na unabaki na soda isiyo na uchachu yenye ladha ya majivu. Na barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, usiifungie kwenye chupa hata siku moja, inalipuka.

Mtoto anaharisha, bibi yake anasema tumpe soda iliyotolewa gesi.

Shikamoo zake bibi, ila hapana. Kola ina sukari zaidi ya gramu 100 kwa lita na chumvi karibu hamna, wakati ORS ina glukosi gramu 13.5 kwa lita na chumvi iliyopimwa. Sukari nyingi inavuta maji kwenda kwenye utumbo na kuharisha kunaweza kuzidi. Mpe ORS na umpeleke kituo cha afya, kuitoa gesi hakubadilishi sukari.

Ni kweli Ziwa Kivu lina gesi kama soda?

Ni kweli, na kanuni ni ile ile ya Henry. Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, lina kina cha mita 485, na huko chini uzito wa maji yaliyo juu unafanya kazi ya kizibo. Kumeyeyuka karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Upande wa Rwanda, KivuWatt wanavuta maji ya chini kwa bomba, yakipanda presha inashuka, gesi inatoka yenyewe, wanaitenga methani na kuzalisha umeme. Ziwa Nyos la Kameruni liliachia kaboni dayoksaidi yake ghafla usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na watu kama 1700 wakafa, kwa hiyo Kivu linapimwa na kuangaliwa muda wote, na watu wa Goma tayari wanaijua mazuku, gesi hiyo hiyo inayotoka ardhini na kutuama mabondeni inaua mbuzi na watu pia.

Soda iliyoisha gesi imeharibika?

Ladha imeharibika, soda yenyewe hapana. Ila gesi na ile asidi yake vilikuwa vinasaidia kuzuia vijidudu, kwa hiyo ikikaa wazi nje na kwenye joto siku 2 au 3, hasa yenye juisi ya matunda ndani, imwage. Iliyokaa friji imefungwa unaweza kuigandisha kwenye vifuko ukawapa watoto wakalamba kama barafu, utamu upo wote.